Gari la mama wa Pito: hesabu ya mafuta kwanza, rangi baadaye

Kila Jumatatu saa kumi alfajiri nesi mmoja wa Pito, Manispaa ya Sumbawanga, huamka kimya kimya ili asiwaamshe watoto. Huvaa sweta mbili, hasa Juni na Julai ambapo baridi ya Ufipa huingia mpaka kwenye mifupa, kisha hupanda bodaboda kuwahi basi la kuelekea Tunduma. Kazi yake iko Laela. Huko amepanga chumba kimoja chenye godoro na jiko la gesi, na nyumbani hurudi Ijumaa jioni.

Mumewe ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na nyumbani. Watoto wawili wakubwa wamezoea utaratibu huo. Mdogo ana miaka minne, na siku nyingi za wiki hulala na bibi yake. Ijumaa moja mama alipobisha hodi, mtoto huyo alifungua mlango, akamtazama, akageuka na kusema kwa sauti, "Bibi, kuna mgeni."

Watu wote walicheka, mama naye akacheka. Usiku chumbani hakucheka tena. Alimwambia mumewe, "Baba, tutafute gari. Hata kama ni kuukuu, mradi nirudi nyumbani."

Familia nyingi hufikia hatua hii. Mmoja anafanya kazi mbali, barabara ni ya lami, basi halifuati saa za zamu, na akiba kidogo ipo. Swali la kwanza ambalo wengi hujiuliza ni "tununue gari gani?" Familia hii ya Pito nayo ilianzia hapo. Ikagundua baadaye kwamba kuna swali jingine linalotakiwa kutangulia.

Swali la kwanza: safari ngapi?

Barabara ya Sumbawanga hadi Tunduma, yenye urefu wa kilomita zipatazo 223, ilijengwa kwa lami katika vipande vitatu kwa fedha za msaada wa Marekani kupitia shirika la MCC. Kipande cha Laela hadi Sumbawanga peke yake ni kama kilomita 95. Kwenda na kurudi ni kilomita 190.

Mwalimu alichukua daftari la hesabu la mtoto wa darasa la tano akaanza kuandika. Alikadiria lita moja ya petroli kwa shilingi 3,000 ili hesabu iwe rahisi. Bei halisi hubadilika kila mwezi. EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mikoa iliyo mbali na bandari hulipa zaidi kwa sababu ya usafirishaji.

Gari linalokwenda kilomita 14 kwa lita litatumia lita 13 na nusu hivi kwa safari moja ya kwenda na kurudi. Hiyo ni kama shilingi 40,700. Kwa siku 22 za kazi ni karibu shilingi 896,000 kwa mwezi, za mafuta tu, bila oili, tairi wala fundi.

Mwalimu aliweka kalamu chini. Kwa mshahara wa wengi, fedha hizo ni mshahara wenyewe.

Hapo ndipo ndoto nyingi za gari hufia, au mbaya zaidi, hapo ndipo familia hufumba macho na kununua. Miezi mitatu baadaye gari linalala uani limefunikwa turubai, mkopo wa saccos unaendelea kukatwa, na mama bado anapanda basi.

Mama ndiye aliyebadilisha hesabu. "Sihitaji kurudi kila siku," alisema. "Nikirudi Jumatano na Ijumaa, mtoto hatanisahau." Aondoke Jumatatu alfajiri, arudi Jumatano jioni, aondoke Alhamisi alfajiri, arudi Ijumaa. Hizo ni safari mbili kwa wiki, kama tisa kwa mwezi. Kwa gari lile lile, mafuta yanashuka hadi shilingi 366,000 hivi. Na kazini kwake kuna wenzake watatu wanaoishi mjini Sumbawanga wenye shida hiyo hiyo. Wakichangia mafuta sawasawa, kila mmoja atatoa kama shilingi 92,000.

Namba hiyo ililingana na mfuko wao. Kabla hawajaona gari hata moja, walikuwa wameshajua linatakiwa kufanya kazi gani.

Kilomita kwa lita: wapi akiba ilipo

Baba alikuwa na gari lake moyoni. Alitaka Subaru Forester ya cc 2000. Ni gari lililoinuka, lina nguvu, na wakati wa masika njia ya kuingia nyumbani hugeuka tope. Kaka yake naye alimpigia simu kutoka Mbeya kumpigia debe Toyota Passo ya cc 1000. "Mdogo wangu, hiyo haili mafuta, inanusa tu."

Daftari likafunguliwa tena. Gari la cc 2000 la aina hiyo, likiwa zima, kwa kawaida huenda kilomita kama 10 kwa lita. Gari la cc 1300 hadi 1500 huenda kama 14. Gari dogo la cc 1000 linaweza kufika 16 au zaidi kidogo likiwa na mzigo mwepesi. Kwa safari tisa za mwezi, gari la kilomita 10 kwa lita litakula mafuta ya shilingi 513,000. La kilomita 14 litakula 366,000. La kilomita 16 litakula 321,000.

Kutoka 10 kwenda 14, familia inaokoa shilingi 147,000 kila mwezi, yaani zaidi ya milioni moja na laki saba kwa mwaka. Hiyo ni ada na sare. Kutoka 14 kwenda 16, inaokoa shilingi 45,000. Si fedha za kutupa, lakini zinaletwa na gari jepesi zaidi, lenye kelele zaidi na lisilo na nafasi ya watu wanne wazima na mizigo yao. Ndiyo maana mzazi mwenye safari ndefu hapaswi kukimbilia injini ndogo kuliko zote. Akiba kubwa hupatikana kwa kukwepa injini kubwa isiyohitajika.

Kuna na jambo la mwinuko. Sumbawanga iko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini ya kawaida isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake ikilinganishwa na Dar es Salaam. Injini ya cc 1000 iliyobeba watu wanne kwenye mlima hukanyagwa mpaka mwisho, na injini inayokanyagwa hivyo kila siku haiokoi mafuta tena. Halafu inafika wakati wa kulipita lori la kutoka mpakani Tunduma. Hapo dereva anahitaji nguvu ya akiba, na asipokuwa nayo hukaa upande usio wake kwa sekunde nyingi kuliko inavyofaa.

Magari ya haibridi nayo yalizungumzwa. Yanaokoa sana mafuta mjini, kwenye foleni za kusimama na kuondoka. Kwenye barabara ndefu ya mwendo mmoja faida hiyo hupungua, na betri iliyozeeka inahitaji fundi na kifaa ambavyo si kila mji unavyo. Wakaliweka pembeni.

Mwendo nao umo kwenye hesabu. Upinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Gari likitoka kilomita 80 kwa saa hadi 110, hewa hulisukuma nyuma kwa karibu mara mbili. Gari linalosifiwa kwamba halili mafuta, likiendeshwa na mtu mwenye haraka, hula kama la jirani.

Faraja si anasa

Kilomita 190 kwa siku ni kama saa tatu na nusu za kukaa kwenye kiti, na katikati yake kuna zamu ya kazi. Mgongo ukiuma, dereva huhangaika. Akihangaika, macho huondoka barabarani. Kwa mama huyu, starehe ya kiti ilikuwa sehemu ya usalama.

Walipofika kwenye yadi ya kwanza, alifanya jambo lililomshangaza dalali. Aliingia kwenye kiti cha dereva akakaa dakika ishirini bila kuwasha gari.

"Nesi, umelala?" dalali aliuliza.

"Napima mgongo," alijibu.

Alikuwa anaangalia mambo machache. Nyonga ziwe sawa na magoti au juu kidogo, zisizame chini. Akikanyaga breki hadi mwisho, goti libaki limekunjwa kidogo. Mikono ishike usukani bila mabega kunyanyuka. Kiti kiwe kinapanda na kushuka kwa mtu mfupi. Sponji ya kiti isiwe imekufa upande mmoja, kwa sababu kiti kilichoinama humpindisha mwendeshaji uti wa mgongo siku nzima. Kiti laini kama sofa hudanganya dakika tano za kwanza. Ukweli wake hutoka baada ya nusu saa.

Kisha kuna tairi na shokapu. Gari linaloruka na kuyumba humchosha dereva kuliko urefu wa njia. Bushi zilizokatika husikika kama mtu anayegonga mlango kila kwenye tuta. Tairi ngumu iliyozeeka hupiga kelele na hushika vibaya kwenye lami yenye maji. Umri wa tairi umeandikwa ubavuni mwake kwa tarakimu nne: 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na kashata nzuri na bado ikawa mzee.

Na kwa Ufipa, mzazi asisahau kiyoyozi, hata kama anaona baridi inatosha. Asubuhi za masika vioo hujaa ukungu kwa ndani, na kiyoyozi ndicho kinachoukausha haraka. Taa nazo ziwe kali na zilizonyooka. Kwenye barabara hii, alfajiri na jioni kuna baiskeli na mikokoteni ya ng'ombe isiyo na taa wala kioo cha kuakisi mwanga.

"Mwalimu, chuma hiki"

Gari la kwanza walilolipenda lilikuwa Premio ya rangi ya fedha, inang'aa, ndani inanukia marashi. Namba yake ilikuwa ya herufi D. Dalali aliisifia: "Mwalimu, chuma hiki. Namba D, haijachoka."

Hapa wanunuzi wengi hujikwaa. Herufi ya namba humwambia mtu gari lilisajiliwa Tanzania lini. Haimwambii lilitengenezwa lini, wala limetembea kiasi gani. Gari la mwaka 2003 lililoingia nchini miaka kumi na zaidi baadaye linaweza kuwa na namba D sawa na la mwaka 2010. Mwaka wa kutengenezwa upo kwenye kadi ya usajili, na kadi ndiyo ya kuombwa kwanza.

Kadi ilisema 2004. Dashibodi ilisema kilomita 78,000. Mama hakubishana. Alitazama usukani. Ngozi yake ilikuwa imelika na kung'aa kama mpini wa jembe la zamani. Raba ya pedali ya breki ilikuwa imeisha upande mmoja. Kiti cha dereva kilikuwa kimevikwa kava jipya, na chini ya kava kitambaa kilikuwa kimechanika. Gari la kilomita 78,000 halichakai hivyo. Mashine ya kurudisha kilomita nyuma ipo, na haiachi alama kwenye dashibodi. Alama hubaki kwenye usukani, pedali na kiti.

Fundi waliyekwenda naye, kijana aliyependekezwa na mwalimu mwenzake, alifungua boneti akasoma injini. "Ticha, hii ni D4," alisema. Alieleza kwamba injini hizo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya chumba cha kuchomea kwa mgandamizo mkubwa. Zikiwa mpya na mafuta yakiwa safi zinakwenda vizuri. Zikizeeka, pampu na injekta zake ni ghali na huchagua mafuta. "Kwa mtu wa Dar anayejua fundi wake, sawa. Kwa mtu wa Laela alfajiri, hapana."

Ushauri wa fundi ulikuwa mfupi: kwa bajeti yao watafute injini rahisi ya cc 1300 au 1500 ya familia ya NZ, ile inayopatikana kwenye IST, Spacio, Raum, Probox na Premio za cc 1500. Ina mnyororo badala ya mkanda wa taiming, spea zake zipo hadi kwenye maduka ya Sumbawanga, na kila fundi ameshaifungua. Kwa safari ndefu, gari zuri ni lile ambalo likikwama Mpui, kuna mtu wa karibu anayelijua.

Kuagiza Japani au kununua mkononi?

Walifikiria pia kuagiza. Faida yake ni kwamba gari halijapigwa na barabara za huku, na muuzaji huweza kutoa karatasi ya mnada yenye alama ya hali ya gari na kilomita zake. Lakini bei inayoonekana mtandaoni ni mwanzo tu. Juu yake kuna usafiri wa meli, bima, ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18 na tozo nyingine. Ushuru wa bidhaa huongezeka kwa ukubwa wa injini, na gari lililofikisha miaka minane na kuendelea hutozwa nyongeza ya umri. Kikokotoo cha TRA kipo mtandaoni na hutoa jumla ya kodi kwa kila modeli na mwaka. Mzazi akitumie kabla ya kutuma hata shilingi. Wengi hukuta kodi imezidi bei ya gari lenyewe.

Familia ya Pito ilikuwa na milioni 12: za maharage ya misimu miwili na mkopo wa saccos. Walikubaliana kununua mkononi, na kwa milioni 10 tu. Milioni mbili zilizobaki hazikuwa za kuongeza bei. Zilikuwa za tairi, oili zote, breki, bima na gharama za kuhamisha umiliki. Dalali alijitahidi sana kuzitoa milioni hizo mfukoni. Hakuzipata.

Kilomita 40 kabla ya kulipa

Gari la nne lilikuwa Toyota Corolla Spacio ya cc 1500, la rangi ya kijivu isiyovutia mtu, mali ya mstaafu aliyekuwa analitumia mjini. Lilikuwa na mkwaruzo mlangoni. Mmiliki aliliosha kwa maji tu, bila marashi.

Fundi aliomba kulikuta asubuhi likiwa la baridi. Alishika boneti kwanza kuhakikisha halijawashwa, kwa sababu injini iliyopashwa moto huficha mengi. Likawaka mara moja. Akaangalia moshi: wa bluu ni oili inayoungua, mweupe usiokatika wenye harufu tamu ni maji ya rejeta yanayoingia ndani, mweusi ni mafuta yanayozidi. Hakukuwa na chochote zaidi ya mvuke wa baridi uliokatika baada ya dakika chache. Akachomoa kijiti cha oili ya gia boksi: nyekundu iliyofifia, haina harufu ya kuungua. Akaweka gia D, kisha R. Gari halikushtuka.

Kisha akakagua rejeta, akaonyesha kizibo chake. Kwa mwinuko wa Sumbawanga maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kizibo ndicho kinachoshikilia mgandamizo ili yasichemke mapema. Kizibo kilicholegea, ambacho kingeweza kuvumilika pwani, huku huchemsha gari kwenye mlima wa kwanza. Na ndani ya rejeta kuwe na kipoozeo sahihi. Maji ya bomba hutoboa rejeta taratibu kwa kutu.

Halafu wakalipeleka barabarani kilomita 40, 20 kwenda na 20 kurudi. Kuzunguka mtaa hakutoshi. Beringi ya gurudumu huanza kuimba kwenye mwendo wa 80. Usukani hutetemeka kati ya 80 na 100 kama rimu zimepinda. Joto hupanda baada ya nusu saa. Mama ndiye aliyeendesha kurudi, kwa sababu gari ni lake. Kwenye kipande kilichonyooka aliachia usukani kidogo, gari likaenda njia yake. Beringi moja ya nyuma ililia. Waliandika.

Mambo mawili ya watoto yaliangaliwa pia. La kwanza ni mikanda ya nyuma: yote mitatu ivutwe, ifungwe, ifunguke, na kiti cha mtoto kikae bila kucheza. La pili ni mifuko ya hewa. Mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani iliwekwa kwenye mamilioni ya magari ya kampuni nyingi, zikiwemo Toyota, Honda na Nissan. Kifaa chake cha kulipulia huweza kuharibika kadiri kinavyozeeka, na kikilipuka hurusha vipande vya chuma. Kimeua watu katika nchi kadhaa. Magari hayo yaliitwa yarudishwe kubadilishiwa, lakini mengine yalishauzwa nje ya Japani kabla ya kurekebishwa. Namba ya chesisi huingizwa kwenye tovuti ya mtengenezaji ili kujua kama gari limo kwenye orodha. Ni kazi ya dakika tano kwenye simu.

Mwisho, karatasi. Kadi halisi yenye jina la anayeuza, na kitambulisho chake kilingane nayo. Namba ya chesisi na ya injini kwenye gari zilingane na kadi. Faini za trafiki ziangaliwe mtandaoni kwa namba ya gari, maana deni hubaki na gari. Kadi isiwe imewekwa dhamana benki. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, fedha zipite benki, na uhamisho wa umiliki TRA ufanyike mara moja. Anayeendesha gari lenye jina la mtu mwingine kwa mwaka mzima anaendesha kesi inayosubiri siku.

Walilinunua kwa milioni tisa na laki tano, baada ya beringi na tairi mbili kutolewa kwenye bei.

Baada ya ufunguo

Wiki ya kwanza gari halikwenda Laela. Lilikwenda kwa fundi. Oili ya injini, chujio, plagi, oili ya gia boksi, kipoozeo, breki, beringi na tairi mbili vyote vilifanywa upya, na daftari likaandikwa kilomita za siku hiyo. Kwa safari tisa, gari litatembea zaidi ya kilomita 20,000 kwa mwaka. Sevisi ya kila kilomita 5,000 itafika mara nne, na tairi zitakwisha baada ya miaka miwili hivi. Kwa hiyo kila mwezi kuna kiasi kinachowekwa kando hata kama gari halijaharibika.

Ulaji wa mafuta waliupima wenyewe. Walijaza tangi mpaka pampu ikakata yenyewe, wakaandika kilomita, wakaenda Laela na kurudi, wakajaza tena sheli ile ile. Kilomita walizotembea wakazigawa kwa lita zilizoingia: 13 na kidogo. Chini ya 14 waliyoandika, lakini ndani ya uwezo wao. Kipimo hicho wanakirudia kila mwezi, kwa sababu ulaji ukipanda ghafla, gari linaumwa hata kabla ya taa ya injini kuwaka.

Na wenzake watatu? Hapo mama aliuliza vizuri kwanza. Wafanyakazi wenzake kuchangia mafuta ni jambo moja. Kubeba abiria kwa nauli ni jambo jingine linalohitaji leseni ya LATRA na bima ya biashara, na bima ya gari binafsi inaweza kukataa kulipa ajali ikitokea gari likiwa na abiria wa nauli. Walikubaliana wanne tu, wanaofahamiana, wanaogawana risiti ya sheli. Hakuna kusimama njiani kuongeza mtu.

Sheria nyingine aliiweka mwenyewe: akitoka zamu ya usiku haendeshi. Analala Laela, anarudi mchana. Mwili usiolala hauna breki.

Jumatano ya kwanza alifika Pito karibu saa mbili usiku. Mtoto alikuwa ameshalala kwa bibi yake. Mama hakumwamsha. Alivua viatu, akambeba na blanketi lake mpaka kitandani kwake, akalala naye.

Saa kumi alfajiri alipoamka kuondoka, mkono wa mtoto ulikuwa umeshika kanga yake. Akauachanisha taratibu. Mtoto akafumbua jicho moja.

"Mama, leo ni Ijumaa?"

"Kesho," alijibu. "Kesho jioni narudi."

Mtoto akafumba jicho, akalala.